Mshenga wa Mameneja

Katika mji wa Kisii, juu ya duka la vitambaa, palikuwa na ofisi ya chumba kimoja na nusu. Ile nusu ilikuwa ya Benta Anyiko na taipu yake. Chumba kizima kilikuwa cha Alfayo Nyasani, ambaye kazi yake hakuna mtu Gusii nzima aliyewahi kuisikia kabla hajaianza. Alfayo alitafuta mameneja. Hakutafuta umeneja, huo ulitafutwa na kila mwenye tai. Yeye alitafuta watu waliofaa kuwa mameneja, akawapeleka kwa wenye viwanda na vyama vya ushirika, kama vile mtu anavyompelekea mwenzake ng'ombe mzuri na kumwambia, huyu atakupa maziwa, mtunze.

Mambo yalianza mwaka wa 1964, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya. Wazungu walikuwa wanaondoka, viti vyao vinabaki vitupu, na kampuni ya chai aliyoifanyia kazi Alfayo kama karani ikamweka kwenye kiti kimoja bwana mwenye vyeti vingi kuliko vifungo vya koti lake. Ndani ya miezi mitatu bwana huyo alikuwa amegombana na mafundi, madereva, wachumaji na hata mpishi. Alfayo alipotumwa kuandika barua ya kumwachisha kazi, neno likamponyoka. Akamwambia mkubwa wake kwamba kwao hata msichana haolewi kwa uzembe namna hiyo. Kwanza hutumwa mshenga, yule anayeitwa esigani. Mshenga huzungukazunguka kwa majirani akiuliza mambo kana kwamba anapita tu njia, na akirudi anajua kila kitu, kuanzia hasira za babu hadi namna kuni zinavyopangwa jikoni.

Mkubwa akacheka, kisha akaacha kucheka, kisha akampa likizo ya wiki mbili na baiskeli.

Shangazi yake Alfayo, Nyangate wa Ogembo, alikuwa amewaunganisha watu wasiohesabika katika ndoa zisizovunjika. Alfayo alikwenda kwanza kwake, akapewa uji na maagizo: asimwulize mtu habari zake mwenyewe, maana kila mtu ni mzuri mdomoni mwake. Atazame kama watoto wa jirani wanamkimbilia au wanamkimbia. Atazame kamba za ndama, kama zinawakaba au zimefungwa kwa upole. Akarudi kazini na jina la karani mmoja wa ushirika ambaye hakuwa na cheti cha maana, lakini watoto wa jirani walimparamia kama mpera. Mtu huyo alikiendesha kiwanda hata majani ya chai yakaonekana kama yanajichuma yenyewe.

Basi sifa zikaenea. Kufikia mwaka wa 1972 Alfayo alikuwa amewakalisha mameneja thelathini na wanane, kutoka Ekerenyo hadi mpakani, na watu walimwita Mshenga wa Mameneja. Mbinu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ile ya shangazi, ya kupeleleza kwa majirani. Ya pili aliibuni mwenyewe. Mtu alipoingia ofisini, Alfayo aliendelea kusoma barua yake ameinamisha kichwa, halafu ghafla aliinua macho na kumkazia mgeni bila kusema neno, mpaka ahesabu thelathini moyoni. Wengine walianza kujieleza kabla ya kumi. Mmoja aliomba maji. Mmoja, ambaye baadaye alisimamia kiwanda cha kukoboa kahawa, alimkazia Alfayo macho vilevile hata wote wawili wakatokwa na machozi.

Lakini kila aliyepata kazi kwa mkono wa Alfayo aliwekewa sharti moja lisiloandikwa. Jumapili moja, akiwa na viatu vyake vya kimeneja na tai yake, ilimpasa apande kilima cha Manga na mtoto mgongoni, ili mtoto naye aone mbali.

Watoto hao walikuwa kumi na wawili, na wote miguu yao ilikuwa imelegezwa na polio. Alfayo aliwafahamu mmoja mmoja. Alikuwa Msabato, na mchana wa Sabato baada ya ibada, badala ya kulala, alizoea kwenda kuwaona wagonjwa. Ndivyo alivyowagundua, huyu amekalishwa nyuma ya ghala, huyu anatambaa kwenye vumbi na kuku, huyu hajawahi kuona barabara. Kila mara aliwachekesha kwa kuwaigiza mameneja wake: namna yule wa chai alivyokaa ukingoni mwa kiti kama kuku atakaye kuruka, namna yule wa maziwa alivyokohoa. Watoto walicheka hata wakalala chali. Halafu Alfayo alitembea njia yote ya nyumbani akiomba, na maombi yake yalikuwa yaleyale: Bwana, wape nyumba.

Na nyumba ikapatikana. Chama cha ushirika kilihama kutoka ghala lake la mawe pale Manga, kikampa. Lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa zima. Kisha shirika moja la kanisa likaahidi vitanda, na vyuma vya kufunga miguuni ili watoto wafundishwe kutembea. Alfayo hakulala kwa furaha. Alimwagiza seremala kiti chenye mikono, akakiona mapema akilini mwake kimewekwa katikati ya ukumbi ule, yeye amekikalia, watoto wamemzunguka, meneja wa maziwa anakohoa na watoto wanagaagaa kwa kicheko. Kwa miaka minne alikuwa ameiona picha hiyo kila alipofumba macho kuomba.

Shirika lilikuwa na neno moja tu. Lori la vitanda lingefika Jumatatu ya mwisho wa Agosti pamoja na mwakilishi wao, Bwana Okeyo, na kama siku hiyo pasingekuwa na matroni wa kulala na watoto palepale, lori lingegeuza na vitanda vyake. Kulikuwa na nyumba nyingine zilizokuwa zikivingojea.

Basi fikiria aibu ya Alfayo. Mtu aliyewakalisha mameneja thelathini na wanane hakuweza kupata matroni mmoja. Aliwaona wanawake kumi na mmoja. Wa kwanza aliuliza gari litamchukua saa ngapi. Wa tatu alikuwa mzuri sana, lakini alipoambiwa kwamba watoto hulia usiku alishangaa kama aliyeambiwa kwamba ng'ombe huruka. Wa tisa hakufika hata kumi katika kule kukaziwa macho, akatoka akilia mwenyewe. Benta aliandika majina yao kwa taipu na kuyapigia mstari, akamwambia Alfayo kwamba labda sasa atafute mshenga wa kumsaidia Mshenga.

Zikabaki siku tano, ndipo barua ikaja.

Ilitumwa kupitia sanduku la kanisa, Nyamira. Iliandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizonyooka kama migomba iliyopandwa kwa kamba. Aliyeiandika aliitwa Persis Mogire, na alisema hivi: "Najua kupika kwa watu wengi. Najua kungoja. Nilianza kujifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na minne, katika darasa la ngumbaru, na mwalimu alinivumilia. Kwa hiyo mtoto ambaye leo hawezi jambo hanitishi. Namwomba Mungu unipe kazi hii, lakini usiponipa bado nitamwomba."

Alfayo aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Aliipeleka nyumbani akamsomea mkewe Esnah wakati wa chakula, akamwambia kwamba hajawahi katika maisha yake kuona barua kama hiyo, na kwamba mwanamke huyo, hata awe nani, ni jibu la maombi. Esnah aliinamia ugali wake wa wimbi. Mabega yalimtikisika kidogo. Alisema kwamba amepaliwa.

Hapo ndipo Alfayo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Siku zilikuwa zimekwisha, moyo umempanda juu kama maziwa motoni, basi akamwita mtu huyo ofisini bila kupeleleza. Hakwenda kwa majirani. Hakutazama kamba za ndama. Shangazi Nyangate angelijua hilo, angemnyang'anya baiskeli.

Ijumaa saa nne asubuhi Benta alifungua mlango akasema kwamba mama amefika. Alfayo alikuwa ameinamia barua kama desturi yake. Alisikia hatua za miguu, akasikia kiti kikivutwa. Akangoja. Kisha kwa ghafla, kwa nguvu zote za ufundi wake, akainua macho na kuyakaza.

Mbele yake alikuwa ameketi mama mkwe wake.

Asiyekuwa wa huko huenda asielewe. Kwa Wakisii kuna ensoni, ile haya iliyo kubwa kuliko haya nyingine zote, na hakuna mahali inapokuwa kubwa kama kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hapeani naye mkono. Hali chakula naye meza moja. Hamtazami usoni. Jina lake halitamki kabisa, na ndiyo sababu kwa miaka kumi na minne Alfayo alikuwa amemwita Mama Esnah, na kwa masikio yake hakuwa na jina jingine. Kwamba alibatizwa miaka miwili iliyopita akaitwa Persis, hilo hakuna aliyethubutu kumweleza, na Mogire ni jina la wengi Gusii. Kwamba alijua kusoma, je, angelijuaje? Akienda ukweni Ekerenyo alipokelewa na mashemeji, naye mama mkwe alibaki nyuma ya nyumba mpaka mgeni aondoke.

Na sasa alikuwa amemkazia macho, mpaka ndani, kama alivyomkazia yule wa kahawa.

Alfayo alijiangusha chini ya meza. Hakuamua, miguu yenyewe iliamua. Kwa upande wa pili alisikia kiti kikianguka, na leso ikipigwa kichwani kwa kishindo, na pale kwenye upenyo chini ya meza akaiona miguu ya mama mkwe imegeukia ukutani. Akiwa amepiga magoti tayari, aliona afadhali aombe. "Bwana," alinong'ona, "nilikuomba matroni. Sikukuomba mama mkwe."

Benta aliingia akawakuta hivyo, mmoja chini ya meza na mwingine ameuelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Yeye alitoka kando ya ziwa, na huko nako wakwe hawachezewi, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini alihitaji kukaa. Alicheka mpaka akashika kifua, na alipopata pumzi aliuliza kama aandike kwamba huyu naye ameshindwa kufika kumi.

"Benta," Alfayo alisema kutoka chini, "mwambie mama namheshimu sana. Mwambie arudi nyumbani salama, na mambo haya tuyasahau."

"Amesikia, Bosi. Hayuko mbali hivyo."

"Wewe mwambie."

Benta akamwambia. Mama akajibu ukutani kwamba alilipa nauli kutoka Ekerenyo kuja kuulizwa maswali, na hatarudi bila kuulizwa hata moja. Aliijua haya kabla Baba Mong'ina hajazaliwa, akasema, akitumia jina la mzaliwa wa kwanza wa Alfayo kama ilivyo adabu. Lakini watoto kumi na wawili wamekaa chini, na haya yake haiwezi kuwasimamisha.

Basi usaili ukafanyika, na hakuna usaili kama ule uliowahi kufanyika katika mji wa Kisii. Alfayo alitambaa hadi mlangoni, akatoka, akaketi kwenye ngazi mgongo ukiwa umeelekea ofisini. Mama akabaki ndani akiutazama ukuta. Benta akasimama mlangoni katikati yao na daftari, akiyapokea maneno ya huku na kuyapeleka kule. Wateja wa duka la vitambaa walikuja chini ya ngazi mmoja mmoja, wakijifanya wanatazama vitambaa.

Alfayo aliuliza kama ana ujuzi wa watoto wasiotembea. Swali lilikuwa la kipumbavu, akalijua kabla halijafika. Shemeji yake Ogari, kitinda mimba wa nyumba ile, alipatwa na polio akiwa na miaka mitatu. Leo alikuwa fundi cherehani pale Ekerenyo na alitembea sokoni kwa fimbo moja. Lakini Alfayo hakuwahi kuuliza ilikuwaje, maana wa kumwuliza ni yule yule asiyeulizwa.

Mama alieleza taratibu, na Benta akarudia kila neno. Alisimika miti ya kushikilia katika uwanja, mti baada ya mti, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye ua. Ogari alipenda sana ndizi mbivu. Kila asubuhi ndizi yake ilifungwa juu ya mti, na kila baada ya wiki mbili ilihama mti mmoja mbele. Mtoto alilia, mama naye alilia ndani ambako hakuonekana. Ilichukua miaka mitatu kufika kwenye ua.

"Je, hakuona kwamba unamtesa?" Alfayo aliuliza.

Benta alipeleka swali, akarudi na jibu. "Anasema alimwona mamake ni mbaya sana. Anasema sasa anamshonea nguo bure."

Chini ya ngazi mtu alicheka. Alfayo alijikuta naye anacheka, na moyo wake ukaanza kupanda tena, akijua kwamba kati ya watu thelathini na wanane hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Aliuliza mengine, akajibiwa yote. Alipofika mwisho hakujua la kufanya isipokuwa kumwuliza kama ana swali lolote, kama alivyowauliza wote.

Alikuwa nalo, na halikuwa swali. Benta alilisikiliza muda mrefu, na alipogeuka kuelekea kwenye ngazi uso wake haukuwa na mzaha.

"Bosi, anasema ghala lile ni chumba kimoja. Kitanda chake kitakuwa humo pamoja na cha watoto, maana mtoto akiamka usiku anataka mtu wa karibu, si mtu wa nyumba ya pili. Kwa hiyo ukumbi wote utakuwa ndiko anakolala."

"Ndiyo," alisema Alfayo.

"Anasema, wewe ni mkwe."

Hapo Alfayo akaelewa, na ngazi ikawa kama imemkimbia chini yake. Mahali anapolala mama mkwe, mkwe hatii mguu. Nyumba aliyoiombea miaka minne, ghala alilolifagia kwa mikono yake, kiti chenye mikono ambacho tayari kilikuwa kimepigwa vanishi! Asingeingia. Watoto wangecheka ndani, yeye akiwa nje ya ua kama mtu aliyekuja kuuza kuku.

Aliomba dakika kumi za kufikiri, akazunguka soko. Alijiambia kwamba angeweza kupata mwingine, akajua huo ni uongo. Alijiambia kwamba angejenga chumba cha pili kwa siku tatu, akajua huo ni wazimu. Alipofika kwenye mlima wa ndizi za kuuzwa alisimama, akamwuliza Mungu wazi kabisa, huku mwenye ndizi akimtazama, kama ilikuwa lazima iwe hivi. Na pale, kati ya mikungu, swali jingine likamjia, likiwa limekaa kimya kama yeye anavyokaa akiwakazia watu macho: je, alichokuwa anakiomba miaka yote ni nyumba ya watoto au kiti? Alianza kuhesabu thelathini moyoni. Hakufika kumi.

Alirudi mbio. Alipanda ngazi kinyumenyume ili asitazame ndani, jambo lililowapendeza sana watu wa vitambaa, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji Benta:

"Mama, kazi ni yako. Sitaingia."

Kisha sauti ikatoka ndani, moja kwa moja kwake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne.

"Mungu akubariki, Baba Mong'ina. Sasa ondoka hapo mlangoni nipate kupita."

Nyumbani Esnah alikuwa anamngoja na chai ya maziwa na uso wa mtu asiye na hatia. Alfayo alimwuliza tangu lini alijua. Esnah alisema kwamba karatasi ilikuwa yake, penseli ilikuwa yake, na kupaliwa kulikuwa kwake. Halafu wote wawili walicheka hata chai ikapoa, na jua la Ijumaa lilipozama wakaifungua Sabato kwa wimbo wa shukrani ambao Esnah hakuweza kuumaliza.

Jumatatu lori la vitanda lilipanda Manga likipumua kama mzee. Bwana Okeyo, mwakilishi wa shirika, alishuka akiwa na kofia na faili. Alimkuta Alfayo, mwenyekiti wa Nyumba, nje ya lango, ameketi kwenye kiti kizuri chenye mikono katikati ya nyasi.

Bwana Okeyo alimwomba waingie, amwonyeshe ukumbi. Alfayo alisema atauona vizuri tu, matroni yumo. Bwana Okeyo aliuliza kama mwenyekiti haingii katika nyumba yake mwenyewe, na kalamu ikaanza kuikaribia faili kwa namna isiyopendeza.

"Matroni," alisema Alfayo, "ni mama mkwe wangu."

Bwana Okeyo, ambaye alikuwa ameoa kwao kando ya ziwa, alivua kofia. Alirudi nyuma hatua moja kutoka langoni, kana kwamba haya ile ingeweza kuambukiza. Kisha alijikumbuka, akaingia, akakaa nusu saa, akatoka akinukia mandazi. Alitia sahihi faili juu ya mkono wa kile kiti. Alisema kwamba katika nyumba zote alizokagua, ni hii tu ambayo matroni alimkagua yeye.

Sasa ingekuwa vizuri kusema kwamba Alfayo alikaa pale langoni kwa furaha. Haikuwa hivyo. Jumapili ya kwanza aliketi nje akasikia nyimbo ndani, na kiti kilimuuma ingawa kilikuwa laini. Watoto walikaa barazani, mbali, mlangoni mwa ukumbi, miguu yao imefungwa vyuma vipya. Kati yao na lango palikuwa na miti kumi na sita iliyopandwa kwa mstari, mibichi, bado ikitoa utomvu. Alfayo alijaribu kuwaigiza mameneja kutoka pale pale. Alipiga kelele hata mishipa ya shingo ikasimama. Watoto walicheka, lakini kicheko kilimfikia kimechoka njiani.

Jumapili ya tatu Esnah, ambaye yeye aliweza kuingia na kutoka apendavyo, alimletea ujumbe langoni. Mama alikuwa na ombi moja dogo.

"Anasema upunguze sauti."

Alfayo aliudhika. Alisema kwamba sasa amekatazwa kuingia na kusema pia, labda Jumapili ijayo akatazwe kupumua. Lakini aliapa kutii, akatii. Aliigiza meneja wa maziwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani juu ya uzio. Barazani watoto walinyoosha shingo. Walimwona akikaa, akikohoa, akijipangusa, ila maneno hayakuwafikia. Wakalalamika. Msichana mmoja, Nyamoita, wa miaka saba, aliyekuwa mkali kuliko wote kwa kutaka kujua, alipaza sauti kwamba hasikii. Alfayo alifungua kinywa apige kelele. Akakumbuka kiapo. Akafumba.

Nyamoita alishika mti wa kwanza.

Alianguka Jumapili hiyo, akaanguka na ile iliyofuata. Oktoba alifika mti wa nne na nyuma yake walikuwa wawili wengine. Novemba mvua ndogo zilinyesha na Alfayo aliigiza chini ya mwavuli, kwa sauti ya chini zaidi, maana alikuwa ameanza kuelewa. Akirudi nyumbani na Esnah siku hiyo alisimama katikati ya barabara ya Manga, maji yakimtiririka, akajipiga paja kwa furaha.

"Mama Mong'ina, unaona mamako alichonifanya? Mimi ndiye ndizi."

Esnah alisema kwamba yeye alilijua hilo tangu siku ya penseli.

Na Jumapili moja ya Februari, asubuhi yenye jua jembamba, vyuma vililia kwenye changarawe mpaka mti wa kumi na sita, na mkono mdogo wenye utomvu ukashika lango. Nyamoita alikuwa ametoa ulimi kwa bidii. Alihema. Alimtazama Mshenga wa Mameneja usoni, akamkazia macho wala hakuyaondoa, na Alfayo akahesabu moyoni mpaka akafika thelathini na kupita, na aliyetokwa na machozi kwanza ni yeye.

"Yule wa kahawa," alisema Nyamoita. "Alisemaje? Miezi yote hii sikusikia."

Alfayo alisimama, akamkalisha msichana kwenye kiti chenye mikono, naye akaketi kwenye nyasi akawa meneja wa kahawa. Aliigiza kwa sauti ya chini sana, kwa sababu kwenye mti wa kumi na tatu na wa kumi na moja kulikuwa na wengine wanakuja. Kule barazani mama mkwe wake alikuwa ameugeukia ukuta kwa adabu, leso kichwani, kama siku ile ofisini. Hakumtazama, naye Alfayo hakumtazama, au alimtazama kidogo tu, upande wa jicho. Mabega ya mama yalikuwa yanatikisika sawasawa na ya binti yake akipaliwa.